Upande Aliokaa Tryphosa

Kununa kwa Masese kulijulikana kutoka Nyamira hadi Marani alikooa, na usidhani natia chumvi. Wako wanaume ambao wakikasirika hupiga kelele, jirani akasikia, kuku wakatawanyika, na baada ya muda mfupi mambo yameisha. Masese hakuwa wa kundi hilo. Yeye alinyamaza, akageuza uso, na chakula akakigusa juu juu kisha akakisukuma. Siku mkewe alipowachinjia wageni wa kanisa jogoo wake mwekundu bila kumuuliza, alinuna wiki nzima. Asubuhi aliwaamkia ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, mkewe akampita kama kigingi. Na huku kwetu Gusii, mume akisukuma sahani ya mkewe, hilo si jambo la tumbo. Maana yake ni kwamba ana neno na huyo mke, na neno lenyewe halijaisha.

Ndiyo maana mzee alipotoka hospitalini baada ya kiharusi, akaanza kuacha nusu ya chakula kwenye sahani, mkewe Tryphosa hakufikiria ugonjwa hata kidogo. Alifikiria avokado.

Kisa cha avokado ni hiki. Masese alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani chai tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na michai ya shamba la chini aliipanda kwa mikono yake mwenyewe. Yeye ni Msabato wa wale wa kweli, chai hajaionja maishani, lakini kuilima aliilima kwa mapenzi ambayo mtu hutumia kulea mtoto. Tryphosa naye alikuwa amechoka na hiyo michai. Alitaka ing'olewe kidogo tu, upande wa bondeni, wapande avokado kama majirani. Waliligombania jambo hilo msimu mzima. Mwisho Tryphosa alikwenda akajiletea miche kimyakimya, akaipanga nyuma ya jikoni. Masese akaiona asubuhi. Hakusema kitu. Aligeuka, akashuka shambani, na huko ndiko alikoangukia, katikati ya michai yake, na mkewe ndiye aliyemkuta.

Sasa mwanamke aliyemkuta mumewe hivyo, baada ya jambo kama hilo, utamwambia nini akuelewe? Mchana kutwa alijilaumu, na usiku alipolala alijilaumu ndotoni. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umelegea, na mguu wa kushoto vilevile. Maneno yalimrudia baada ya muda, mazito kidogo lakini yanaeleweka, na kila mtu akamshukuru Mungu. Walipoagana na hospitali, Tryphosa aliambiwa mengi kwa haraka, ya dawa na ya chumvi na ya kunyoosha viungo. Lililomkaa kichwani ni moja. Aliambiwa akae upande ule dhaifu, upande wa kushoto, ili mzee akiyumba amdake.

Basi akakaa kushoto. Angeambiwa akae juu ya paa, angekaa. Mzee akitembea na fimbo uani, Tryphosa yuko kushoto amemshika kwapani. Mzee akiketi kwenye kiti chake sebuleni, kigoda cha Tryphosa kiko kushoto, karibu na mlango wa jikoni. Mezani kushoto, barazani kushoto, hata kitandani alihamia kushoto, ingawa tangu waoane alikuwa akilala ukutani kulia. Mimi nakwambia, hakuna mgonjwa katika Nyamira nzima aliyelindwa upande wake mmoja kama Masese.

Na Masese akamlipa kwa kisogo. Hivyo ndivyo Tryphosa alivyoona. Alimwamkia asubuhi, "Umeamkaje, Baba Lewis?" Mzee akageuza uso kulia, kwenye dirisha, na dirisha ndilo lililojibiwa. Alimwekea uji mezani, pale pale mbele yake, kushoto kidogo. Uji ukapoa, nzi wakaja, kisha mzee akaanza kulalamika peke yake kwamba nyumba hii siku hizi mtu hata uji hapewi. Ugali wa wimbi na mboga za chinsaga alikula upande mmoja wa sahani, mwingine akauacha safi, kana kwamba katikati pamechorwa mpaka. Ndevu alijinyoa mwenyewe kwa mkono mzima, akanyoa shavu la kulia likang'aa, na la kushoto akaliacha na mvi zake. Tryphosa alidhani mkono umechoka. Alitamani kummalizia, lakini mtu ambaye hataki kukuona utamshikaje shavu?

Kilichomkata maini hasa ni Nyabuto. Huyu Nyabuto ni dada yake Masese, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika barabarani. Alikuja kumjulia hali kaka yake kila Jumatatu, na kama mgeni alipewa kiti kizuri, kile cha kulia, karibu na dirisha. Na mzee akachangamka. Alimtazama dada yake usoni, akamuuliza habari za wajukuu, akamcheka kwa kofia aliyovaa. Tryphosa yuko pale pale, kwenye kigoda chake, anasikia kicheko cha mumewe na kicheko chenyewe hakimhusu. Kwa dada ana meno, kwa mke ana kisogo. Nyabuto mwenyewe aliliona hilo. Wakiwa jikoni alimwambia wifi yake bila kumumunya kwamba kaka yake ana neno zito moyoni, na kwamba ni vizuri watafute wazee wa kanisa wakae nao. Tryphosa alisema sawa, atafikiria. Kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe na akalia huko huko migombani mpaka kichwa kikamuuma.

Mtu huvumilia, lakini moyo si jiwe. Mvua za vuli zilipoanza, Tryphosa alimpigia simu mwanawe Lewis, anayeuza vifaa vya ujenzi Kisii mjini. Alimwambia aje amchukue baba yake akakae naye, maana hapa chakula hakimpiti. Hakumwambia zaidi ya hapo. Lewis, kijana mwenye adabu, aliomba aongee na baba mwenyewe. Tryphosa aliweka simu kwenye sikio la mzee, akasubiri. Huenda alitegemea atakataa. Angalau angeuliza kwa nini. Mzee alisikiliza, akasema, "Sawa. Nitakuja." Lewis akasema atafika Jumapili na gari.

Hapo ndipo Tryphosa alipojua kwamba yamekwisha. Mtu mliyezeeka naye anakubali kuondoka kwa neno moja, kama anayekubali kuongezwa mboga. Alianza kufua nguo za mzee na kuzipanga, na kila shati aliloshika lilikuwa na kitu cha kumkumbusha. Aliapa hatalia mbele yake.

Wiki hiyo hiyo ndiyo ambayo ukumbi wa kanisa ulikuwa na kioja cha mashine ya macho. Mwenye mashine alikuwa Gesare, binti wa mwalimu Onyancha wa Marani, anayesomea shahada ya pili. Alikuwa na kompyuta ndogo, na chini ya kioo chake alikuwa amebandika kijiti cheusi, kirefu kama rula. Kijiti hicho kilifuata macho ya mtu. Unaketi, unaonyeshwa picha, nacho kinaandika jicho lako limeanzia wapi, limekaa wapi, na limeruka nini. Gesare alieleza kwamba watu huchora mabango ya kufundisha wakulima na wagonjwa, wakaweka jambo la maana mahali ambapo hakuna anayetazama, na kwamba yeye anataka kujua mtu wa huku anaitazamaje picha. Kila aliyekuja alipewa kipande cha sabuni.

Watu ni watu. Kufikia Jumatano habari ilikuwa imeshageuka: mashine ile inaona yaliyo moyoni. Vijana wa boda boda walikataa katakata kuikaribia, hasa wenye wake. Mzee mmoja wa kanisa, sitamtaja, alionyeshwa picha ya arusi yenye bwana, bibi, mchungaji na sufuria, na macho yake yakaenda kwenye sufuria yakahamia huko. Alicheka mwenyewe hadi akatoa leso. Tryphosa alizisikia habari hizi kisimani na hakucheka. Alibaki ameshika mtungi, akiwaza. Kama kuna kitu kinachoweza kuonyesha macho ya mtu yanakwenda wapi, basi kabla Jumapili haijafika alitaka kujua. Macho ya mumewe yakimkimbia yeye, yanakwenda wapi?

Alhamisi alimwomba jirani mwenye gari awapeleke. Masese hakupinga, maana mashine alizipenda tangu siku za mizani ya majani chai. Walipofika, Tryphosa alimketisha, akahakikisha hayumbi, kisha akamvuta Gesare pembeni karibu na mlango. Aliona aibu sana. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama mashine inaweza kumwonyesha iwapo mtu anamchukia mwenzake.

Gesare hakucheka, na kwa hilo pekee mimi ninampenda yule msichana. Alimjibu kwamba hapana, mama, inaonyesha tu jicho linakwenda wapi, ya moyoni haiyajui. Tryphosa akasema hata hilo linatosha. Akarudi kusimama kushoto kwa mumewe.

Kabla ya picha kuna nukta. Nukta nyeupe inatokea pembe hii ya kioo, halafu pembe ile, na mtu anaifuata kwa macho ili mashine imzoee. Masese alizifuata za kulia vizuri. Nukta ilipokwenda kushoto, macho yake yalibaki kulia, yakingoja kwa utulivu kama mtu aliye kituoni. Mashine ikakataa. Gesare alidhani ni mwanga, akafunga pazia. Akadhani ni miwani, akaifuta na kumrudishia mzee kwa mikono miwili. Ikakataa tena. Safari ya tatu hakugusa kitu. Alimtazama Masese mwenyewe. Aliutazama uso wake, shavu moja lililonyolewa na jingine lenye mvi.

Aliziacha nukta, akafungua picha. Ilikuwa picha ya soko la Daraja Mbili. Kulia kuna marundo ya mitumba na kijana anayeuza viatu, na kushoto, mama mnene ameketi katikati ya mikungu ya ndizi, kitambaa cha njano kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kuitazama picha ile akamkosa yule mama, maana amejaa nusu nzima ya kioo. Gesare alimuuliza mzee anaona nini. Masese akasema anaona nguo, nguo nyingi, na kijana wa viatu ambaye bei zake bila shaka ni za wizi. Gesare akauliza kama kuna kingine. Mzee akatazama tena, akachukua muda wake. Akasema hakuna.

"Hakuna mama wa ndizi, tata?" akauliza, akimwita baba kwa Kigusii.

"Ndizi? Hapa hakuna ndizi, binti yangu."

Tryphosa alidhani mumewe amerukwa na akili, na akashika mgongo wa kiti. Gesare hakubishana. Alibonyeza kitu, na picha ikageuka, kulia ikawa kushoto, kushoto ikawa kulia, kama mtu anayejiona kwenye kioo. Masese akaegemea mbele.

"Na huyu mama ametoka wapi?" akauliza. "Ndizi nzuri. Wale wa nguo wamefunga?"

Gesare alimpa mzee mkebe wa njugu ashikeshike, akamwita Tryphosa upande mwingine wa meza. Alimwonyesha picha zote mbili, sasa zikiwa na viduara vyekundu mahali jicho lilipotua. Katika kila picha viduara vilikuwa vimesongamana upande wa kulia, hadi katikati. Kushoto hapakuwa na kimoja. Tryphosa hakuhitaji kusoma kitu. Alikuwa ameuona mpaka ule ule kwenye sahani, kila siku, mara mbili kwa siku.

Gesare alisema kwanza kwamba yeye si daktari, na kwamba atawapa jina la mtaalamu wa viungo mjini Kisii wa kumwona. Lakini jambo hili amelisoma, na mwalimu wake huwapima watu kama hawa. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, kinaweza kumwibia mtu kushoto kwake. Macho ni mazima kabisa. Ni ubongo tu unaoacha kumwambia kwamba upande huo upo. Si kwamba anakataa kuutazama. Hajui kwamba kuna kitu cha kutazama, ndiyo sababu halalamiki. Mtu hawezi kuulizia asichojua kwamba kimepotea.

"Na mtu akimwita kutoka huko?" Tryphosa aliuliza. "Akimwamkia?"

"Sauti anaisikia, mama. Ila ataitafuta upande anaoujua. Atageuka kulia."

Tryphosa alimgeukia mzee na mkebe wake.

"Kwani nyumbani wewe hukaa upande gani?" Gesare akamuuliza.

Sijui nikuelezeje uso wa Tryphosa wakati ule. Zilimjia asubuhi zote, moja baada ya nyingine. Umeamkaje, Baba Lewis, na uso ule unageuka kwenye dirisha, na yeye anainuka kwenda jikoni kutoa machozi. Alikuwa akimtafuta. Kila siku ambayo alidhani mumewe anampa kisogo, mumewe alikuwa amegeuka kumtafuta, na yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, karibu kabisa, amemshika mkono usiohisi. Upendo wake wote aliuweka mahali ambapo mumewe hangeweza kuuona, na aliuweka hapo kwa sababu alitaka asianguke.

"Nenda upande wa pili," Gesare alimwambia polepole.

Hii nayo si kazi rahisi kama unavyodhani. Mwanamke aliyekataliwa kwa miezi huogopa kujaribu tena. Je, akienda kulia na uso ukageuka vilevile? Alipita nyuma ya kiti akiwa na woga wa msichana anayeletewa posa. Alivuta kibao cha watoto wa shule ya Sabato, akaketi juu yake, kulia kwa Masese, akaweka mikono mapajani. Mzee alikuwa akihangaika na mkebe. Aliinua macho.

Akamwona. Akamtazama kitambaa cha kichwani, akamtazama uso, akashuka mpaka mikononi na akarudi usoni, na hapo akatulia. Mkebe ulianguka na njugu zikamwagika sakafuni. Gesare alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga nje, akatoka.

"Omong'ina," Masese alisema. Ndivyo anavyomwita tangu walipopata mjukuu wa kwanza, mama mzee, ingawa kwa jinsi anavyolitamka ungedhani anamwita mchumba. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo, Baba Lewis."

"Hapo wapi? Nakuona unapita tu. Unapita kama mgeni, unaenda zako. Ukisema nami uko chumba kingine. Nikasema basi, amechoka na mimi. Mtu kama mimi ni mzigo." Alivuta pumzi. "Sikutaka kukuuliza."

Bila shaka hakutaka kumuuliza. Mtu wa kununa atauliza? Walikuwa wamekaa nyumba moja, huyu ananuna kwa sababu ameachwa na yule analia kwa sababu amenuniwa, na katikati yao kulikuwa na upana wa kigoda. Tryphosa aliuchukua mkono mzima wa mumewe, akaupitisha mbele ya kifua chake mpaka kushoto, akaushikisha ule mkono mwingine uliolala. Kichwa cha mzee kikaufuata polepole.

"Nilikuwa huku," alimwambia. "Siku zote nilikuwa huku."

Halafu akalia, mbele yake, kinyume na kiapo chake. Alilia kwa sauti, kilemba kikalegea, na Masese akampangusa kwa kiganja, shavu moja tu mpaka mwenyewe alipomgeuzia la pili.

Jioni ile Tryphosa alimpakulia ugali na chinsaga kama kawaida. Mzee alikula upande wake, akaweka mkono chini. Mkewe akanyoosha kidole, akaizungusha sahani. Masese akatazama, akatazama tena, akauliza ni nani aliyemwongeza. Akala yote. Baada ya kunawa Tryphosa alipiga moyo konde na kumuuliza habari ya avokado, kama bado ana kinyongo. Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Akasema ndiyo, alikasirika, na kama asingeanguka angenuna kama siku mbili hivi, labda tatu. Lakini miezi? Ni mwanaume gani ana nguvu za kununa miezi? Tryphosa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha alileta wembe na maji ya moto, akammalizia lile shavu la kushoto.

Simu ya kumzuia Lewis hakuipiga. Aliogopa. Mzee alikuwa ametoa neno lake, na neno la Masese halirudi nyuma, hata akiwa amekosea. Ijumaa alisubiri aseme kitu, hakusema. Sabato walikwenda kanisani, hakusema. Jumapili asubuhi mkoba wa nguo ulikuwa bado pale mlangoni, na Tryphosa aliupita kila alipoingia jikoni bila kuutazama.

Lewis alifika umande haujakauka, ametandika blanketi kwenye kiti cha mbele ili baba yake asiumie. Aliwasalimia, akapewa maziwa, akasifu jinsi mzee alivyonyolewa vizuri. Kisha aliinuka, akashika mkoba.

"Twende basi, baba?"

Masese alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Kigoda kilikuwa kimehama, kiko kulia sasa, karibu na dirisha, na Tryphosa yuko juu yake ametazama sakafu. Mzee aligeuza kichwa kulia kwanza, akahakikisha kwamba mkewe yupo.

"Weka mkoba chini, Lewis," alisema. "Nilikubali kuja kwako kwa sababu nilidhani mama yako ameniacha. Ningekaa hapa na nani?"

Lewis alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, asielewe kitu. Jikoni maziwa yaliyobaki motoni yalianza kufurika, harufu ikaingia mpaka sebuleni, na Tryphosa hakuinuka.